Safu ya Sita

Daftari la wageni lina safu tano:
jina, simu, chumba, kuingia, kutoka.
Kalamu nimeifunga uzi kwenye msumari,
maana wasomi wa Mbarara huondoka na kalamu
kama mwewe na kifaranga.

Mimi ni Letaru, askari wa lango,
Hosteli ya Rwizi, zamu ya usiku.
Kiswahili nilikiokota kambini, mume wangu akiwa koplo.
Hapa wakikisikia mabega yanapanda:
lugha ya bunduki, wanasema, lugha ya "lala chini!"
Bunduki sina. Nina tochi, filimbi,
na chupa ya chai.

Mwaka jana, muhula wa pili,
chumba cha kumi na nne,
nilisikia kiti kikianguka mara mbili.
Kiti hakianguki mara mbili
pasipo mtu kukiinua katikati.
Nilikoroga chai.
Nikajiambia, ya chumbani ni ya wenyewe,
mimi niliyewahi kuwa mwenyewe.
Majirani wakaongeza sauti ya redio.
Asubuhi kijana akatoka, akanisalimu kwa adabu,
akaandika saa ya kutoka
kwa mwandiko mzuri kuliko wote ukurasani.

Wiki ya tatu Ninsiima alifunga godoro juu ya bodaboda,
siku nne kabla ya mitihani.
Ufunguo alinipa. Macho hakunipa.
Mkuu wa hosteli aliandika: Ameacha masomo. Sababu: binafsi.

Binafsi!
Neno lile lina mgongo mpana.
Limebeba wangapi?

Nikaazima rula kwa wanafunzi,
nikachora safu ya sita:
Anayetembelewa amekubali?
Wavulana walicheka. Mmoja akajaza: "Siku zote."
Nikamwambia, kijana,
leo ni leo; asemaye siku zote ni mwongo.
Jana alitaka chai, leo hata maji hayataki.
Napiga simu juu. Akisema aje, panda.
Akinyamaza, kimya siandiki ndiyo.

Ijumaa moja, saa nne usiku, alikuja Arinda,
shati limepigwa pasi, pumzi za waragi.
"Mimi ni mpenzi wake tangu mwaka wa kwanza.
Hata kodi ya chumba nalipa mimi."
Umelipa chumba, nikasema. Mtu halipiwi.
Nikapiga namba ya Kobusinge.
Simu ikaita
ndani ya mfuko wa suruali yake.

Tuliisikiliza sote ikiita.

Muzamiru wa chapati aliepua kikaango.
Mwenye bodaboda akazima injini.
Wanafunzi wawili, waliokuwa wakibishana juu ya mpira,
wakaacha bao hewani, wakasogea.
Hakuna aliyeinua mkono.
"Kaka, tukusindikize? Usiku umeenda."
Nyamwiza, ambaye hata si rafiki yake,
alikuwa amekwisha kupanda ngazi,
akakaa na Kobusinge kwenye kidato cha juu,
wakigawana sweta moja magotini.

Arinda aliitoa simu, akaiweka juu ya daftari
taratibu, kama mtu anayerudisha chenji.
Akaenda. Hakwenda mbali, najua;
kesho yuko darasani, safu ya mbele.
Kwa hiyo kesho Nyamwiza atakaa kiti cha katikati.
Kwenye mstari wake, safu ya sita,
nikaandika Hapana kwa kukaza,
hadi ukurasa wa chini ukaipokea.

Mkuu amenihoji: nani alikuruhusu kuchorachora?
Daftari jipya linakuja kutoka Kampala,
limepigwa chapa, safu tano.
Sawa. Rula sijairudisha.

Usiku ukitulia hufungua ukurasa wa mwaka jana,
nikaumulika kwa tochi.
Yule kijana yupo, kuingia, kutoka, mwandiko safi.
Ninsiima namtafuta juu mpaka chini.
Hayumo.
Wakaaji hawakuwahi kutakiwa kuandika.