Mpakato

Nimebonyeza kitufe.
Wapi.
Nimebonyeza tena, kwa gumba,
kama agongaye mlango wa mdeni wake.
Wapi.

Hapa Upernavik ni saa tisa alasiri na nyota zimejaa.
Jua tuliliaga katikati ya Novemba,
litachungulia mwisho wa Januari, likipenda.
Ndani ya mashine hii imo mishahara
ya watu kumi na saba wa kiwanda cha samaki,
na Ijumaa ni keshokutwa.

Nampigia Nikkulaat, fundi wa Ilulissat.
Ana mafua; sauti yake yatoka kama ndani ya pipa.
"Arnannguaq, umechomeka?"
Mimi! Mhasibu wa miaka ishirini na miwili!
Nainama chini ya meza na hasira zangu,
na hasira zinanionyesha
plagi imechomoka nusu,
imesukumwa na fagio la asubuhi. Fagio langu.
Naisukuma ndani kimyakimya.
"Imechomekwa," nasema, nami sasa sisemi uongo.
Nabonyeza. Wapi.

"Basi toa chaja. Toa na betri.
Shika kitufe sekunde thelathini, usiachie.
Hewa yenu kavu, umeme tuli umeganda mle ndani."

Nahesabu alivyohesabu bibi yangu,
vidole vya mikono, kisha vya miguu;
ukifika ishirini umemmaliza mtu mmoja.
Sekunde thelathini, basi,
ni mtu mzima, na mikono miwili ya mtu wa pili.
Nikamshika huyo wa pili mikono, nikaachia.

Narudisha betri, narudisha chaja.
Ubavuni kikawaka kitaa, kidogo kama punje ya dengu.
Feni ikavuta pumzi.
"Imefufuka!" napiga kelele.
"Na skrini?"
Skrini nyeusi ti.

Bisibisi nimeazima kwa Inuuteq, inanuka mafuta ya boti.
Skrubu saba kwenye kisahani cha kahawa;
ya nane ilijificha chini ya kibandiko,
nikaitukana kabla sijaipata.
Kadi ya kumbukumbu nimeisugua meno yake ya shaba
kwa kifutio cha mpwa wangu Ivalo,
kile cha waridi chenye harufu ya stroberi.
Nimepuliza. Nimerudisha. Imelia *kapu*, imekaa.
Giza lile lile.

Si bure inaitwa mpakato:
nimeipakata kama mtoto mwenye homa,
nasikiliza kifua chake. Joto lipo.
Kuna kitu kinazunguka, kinahangaika.
Kimya kingi kina mshindo, husema watu,
lakini mshindo wenyewe uko wapi?

Upande wa pili Nikkulaat amenyamaza,
anapenga kamasi, anafikiri.
"Zima taa ya chumba," anasema.
"Tochi unayo? Mulika skrini kwa upande, karibu kabisa,
kama mtu anayetafuta ufa kwenye barafu."

Nikazima. Nikamulika.

Na humo, kijivu juu ya kijivu,
hafifu kama wino uliofuliwa,
alikuwepo mbwa wangu wa zamani, masikio juu,
na chini ya kidevu chake kisanduku:
*Karibu, Arnannguaq. Andika neno la siri.*

Tangu lini? Tangu nilipokuwa namtafuta Inuuteq?
Tangu nilipokuwa naitukana skrubu?
Muda wote imeamka, imeniuliza swali moja,
nami naizunguka na bisibisi.

"Ni taa ya nyuma ya skrini, imekufa," asema fundi.
"Kompyuta nzima. Tafuta kebo, uiunge na televisheni."
Kebo iko shuleni, shule imefungwa mpaka kesho.
Nikaibana tochi kwa meno,
nikaandika neno la siri, herufi moja moja,
nikafungua jedwali, nikampata mtu wa kwanza,
Paninnguaq wa mizani, saa arobaini na moja.

"Nikkulaat," nasema, mate yakinitoka juu ya tochi,
"ile plagi ilikuwa imechomoka."
"Najua," anasema.
"Nilikusikia ukiinama."