Kibakuli Juu ya Herufi

Ndani ya kila bunda la mapazia kutoka Bursa
palikuwa na kikaratasi, upana wa vidole viwili:
tarehe, muhuri wa buluu, na jina la aliyekagua mishono.
Yağmur.
Miaka mitatu nilifungua mabunda hayo Eastleigh, Mtaa wa Saba,
na mtu huyo hakuwahi kunipitishia uzi uliolegea.
Nikasema, nikijaliwa mtoto wa kike
nitampa jina la mtu anayeifanya kazi yake.

Hilo ndilo kosa langu lote.

Mamake Nzioki alikuja Pumwani na chupa ya uji,
akauliza jina kabla hajauliza uzito.
Kwao binti wa kwanza humrudisha nyanya yake:
ilikuwa awe Mumbua, kama yeye,
aliyezaliwa Mwingi usiku mto ulipobeba mbuzi.
Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, kama anayeonja dawa.
"Jina la pazia," akasema.
Akamimina uji kikombeni, akaondoka na chupa yake.
Miaka minne hakupanda ngazi zetu Umoja.

Karani wa vizazi aliitafuta ile herufi kwenye kibodi,
akaitafuta tena, akanitazama kana kwamba nimeificha mkobani.
"Hii g yenye kitu kichwani hatuna."
Akaandika Yagmur, akagonga muhuri.
Mwalimu wa chekechea akaongeza irabu zake: Yagimuri.
Watoto wa ploti wakakata: Yamu.
Mimi mwenyewe nililitaja tu
kama unavyotaja namba ya nyumba usiyowahi kuingia.

Mpaka Hodan wa duka la tatu,
aliyesomea meno kule Konya na sasa anauza mazulia,
akanisikia nikimwita mtoto atoke barabarani.
Akaweka chai yake chini.
"Hiyo g haitamkwi, Mama Yamu.
Inairefusha tu a iliyotangulia. Sema Yaamur.
Limetoka kwenye yağmak, kunyesha.
Umemwita mtoto Mvua."

Mvua.
Mimi Nasimiyu, mtoto wa kiangazi,
niliyeambiwa na mama mkwe siku ya mahari, huku akicheka,
kwamba jina langu linakausha koo.
Mvua. Kwao, mbua. Mumbua.
Nikakaa juu ya bunda ambalo halijafunguliwa,
nikaichora herufi kwenye boksi kwa kalamu ya bei:
ğ.
Kumbe si kofia ile. Ni kibakuli,
kimetegwa wazi chini ya mchirizi wa bati,
hakisemi kitu, kinakinga.

Jioni nikampigia. Simu iliita hadi ikakaribia kukata.
Nikaeleza yote mbio mbio, mzizi, herufi, meno ya Hodan,
kwamba jina lake tulimpa, ila lilizunguka Bursa kwanza.
Kimya.
Nyuma yake kuku, na mtu akichota maji pipani,
kikombe kikigonga chini, maji yameshuka.
Nikadhani ameniwekea simu mezani akaenda zake.

"Na hiyo ya Waturuki," akauliza,
"ni ile inayoivisha pojo
au ile inayobeba mbuzi?"

Nikasema sijui, mama.

"Basi mlete. Mimi nitaijua."