Nukta

Somoe Chilumba alinionyesha mswaki
kama anayeonyesha stakabadhi ya korosho:
"Tazama, daktari. Kila asubuhi, hivi."
Nyuzi zilikuwa nyekundu mashinani.
Mimi si daktari. Ni tabibu wa meno, Kitangari,
kiti kimoja, taa moja, na ndoo ya maji
tunayoipima kwa kikombe,
maana huku juu Newala maji hununuliwa.

Nikaandika kitabuni: *Fizi.*
Nikamwambia, sukutua kwa chumvi, urudi.
Akacheka, jino la mbele likicheza:
"Nikisukutua, wajukuu wanywe nini?"
Akaenda. Mnada ulikuwa umefunguliwa.

Sasa nasema kile ambacho yeye sikumwambia.
Chini ya ufizi kuna wapangaji wasiopenda hewa.
Wamejijengea ugaga, tabaka juu ya tabaka,
wala hawana haraka.
Wanachokoza tu. Mwili unatuma askari,
askari wanakaa, mwaka, miaka,
hadi wanaila nyumba waliyotumwa kuilinda.
Na seli moja iliyokwisha kupotoka
(kwa ugoro, kwa uraka, kwa umri, nani ajuaye)
inakuta vurugu, inajipenyeza.
Waliosoma kunizidi wanasema wapangaji wale
pengine huisindikiza,
huwafumba macho walinzi,
huinong'oneza: pita, sambaa.
Pengine. Wangali wanatafuta.
Neno hilo nimelishika
kama ganda la korosho mbichi:
hata ukilitupa, mkono unaendelea kuungua.

Alirudi mwezi wa tatu, khanga imeziba mdomo.
Harufu ilimtangulia mlangoni.
Ubavuni mwa ulimi, kidonda,
kingo ngumu kama kidole cha mbanguaji.
"Ni mafuta ya korosho," akasema,
"niling'ata mbichi, ujinga wangu."
Nami nilitaka iwe kweli.
Nilitaka sana.
Nikaandika barua ya Ndanda, mwandiko ukapinda.

Walikata kipande, wakakipeleka mbali.
Majibu yakaja. Wakakata tena, zaidi.

Leo ameketi kwenye benchi langu,
taya upande mmoja limebonyea,
maneno yanatoka yamelowa, hayana kingo.
Sikushika hata moja.
Mjukuu wake, Asumini, ndiye anayefasiri,
anatazama sakafu anapofasiri:
"Bibi anauliza,
wale wengine uliowaambia warudi,
uliwafuata?"

Nje mtu anapakua madumu kwenye baiskeli,
anabishana bei.
Nimefungua kitabu cha mwaka jana.
Likwama wa Mnyambe. Binti Nantanga.
Mwalimu yule wa Malatu aliyekuwa na aibu ya kupanua mdomo.
Kurasa nne, mwandiko wangu, mzuri, wa haraka:
*Fizi. Fizi. Fizi.*
Na baada ya kila moja, nukta.