Kumi na Tano na Nusu

Saa kumi na mbili kasorobo, Walkley bado giza.
Nachomoa betri kwenye chaja kando ya birika,
naipachika mahali pake. Tik.
Kioo kinawaka, kinauliza nataka kusaidiwa kiasi gani.

Viwango vitano.
Sifuri ni mimi na magoti yangu.
Cha kwanza ni kiganja cha jirani mgongoni.
Cha tano nimekiweka kwa Mtaa wa Blake,
mlima uliofungwa reli za kushikia waendao kwa miguu,
ambao hata paka wake hupumzika katikati.
Pale mota hukoroma chini ya kanyagio,
nawapita vijana wa chuo na baiskeli zao nyembamba,
mama wa miaka hamsini na mitatu,
begi la glavu mgongoni, hata jasho hana.

Lakini nikiteremka Hillsborough,
njia ikinyooka, reli za tramu ziking'aa kwa mvua,
kioo kikisoma maili kumi na tano na nusu,
mota inaniachia.
Si breki. Si hasira. Inaniachia tu,
kama mtu aliyekushika mkono kukuvusha barabara
akakumbuka kuwa wewe ni mtu mzima.
Ghafla baiskeli ina uzito wake wote, kilo ishirini na nne,
nami nina wangu, ambao sitautaja.

Mshamu, mtoto wa kaka yangu, hupeleka piza mjini.
Jumapili akaniambia, chapati mdomoni:
Shangazi, nipe nusu saa na bisibisi.
Kuna kidude, kadiri ya kiberiti,
kinaidanganya sumaku ya gurudumu.
Utakwenda thelathini, na kioo kitaapa ni kumi na tano.
Nikamuuliza, yako iko wapi?
Akatafuna kwanza.
Yake iko yadi ya polisi tangu Alhamisi.

Sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu.
Wazee saba kabla ya adhuhuri,
simu inahesabu kila mlango dakika kumi na tano,
na za njiani hazilipwi.
Mvua ni yangu, taa nyekundu ni zangu.
Kwa thelathini ningepata nafasi ya kunywa chai nimekaa.
Basi usiniambie haraka haraka haina baraka;
methali hiyo haijapanda Walkley ikiwa imechelewa.

Mlango wa nne, Bwana Staniforth.
Miaka arobaini alinoa visu kiwandani,
leo vidole vyake vimejikunja kama majani ya chai.
Shati lina vifungo saba.
Ningevifunga vyote kwa sekunde ishirini.
Anakishika cha kwanza, kinamteleza,
anakishika tena. Simu inahesabu.
Mikono yangu inaniwasha.
Naushika ukosi tu, nauvuta kidogo,
kifungo kilione tundu lake.
Cha pili hivyo hivyo.
Cha tatu kinamshinda kabisa, namfungia.
Cha nne anapata mwendo,
ananitupia jicho,
nami nauondoa mkono.

Umechelewa dakika sita, anasema akiwa kwenye cha mwisho.
Sheria, namwambia. Kumi na tano na nusu.
Anafikiri.
Gari la maziwa, anasema. La umeme, nilipokuwa mtoto.
Lilikwenda hivyo hivyo, likilia mmm mtaa mzima,
na hakuna aliyekunywa chai kavu.
Kisha anajitazama kwenye kioo cha kabati
na kugundua ameruka tundu moja.
Tunaliacha.

Nje, ujumbe wa Mshamu: kidude nimekipata, bei ya shangazi.
Napangusa tandiko kwa kiwiko.
Mlango wa tano uko Crookes, juu kabisa.
Nabonyeza hadi tano,
nasita,
narudisha tatu, betri ibaki ya jioni.
Mshamu sijamjibu.