Kutikisa Finjani

Kabla ya karatasi ya maabara ilikuwa barafu.
Usiku, nyumba imelala, kiyoyozi kinanguruma,
mimi wima mbele ya friji, mwanga miguuni,
navunja vipande kwa magego
kama mbuzi na kokwa za tende.
Hilali akigeuka kitandani: "Zuwena, meno yako hayo!"
Nikimjibu: joto.
Na hapa Ibra, joto nani atalibishia?

Ngazi za nyumba yetu ni kumi na nne.
Nilianza kuzihesabu mwezi wa Shaabani.
Ramadhani ilipofika nikawa natua kwenye ya tisa,
kapu la nguo kiunoni,
najifanya nautazama mtende wa jirani.

Baada ya Idi, kituo cha afya.
Daktari Shobha, mtu wa Kerala,
Kiarabu chake kinachechemea lakini kinafika,
alinivuta chini kope la jicho, akachungulia
kama mnunuzi anavyofunua mashavu ya samaki.
"Kumi na moja nukta moja. Imepungua kidogo tu,
si ya kukulaza kitandani.
Ila ghala lako la chuma, mama, limebaki vumbi."

Miaka arubaini na sita nimebeba ghala
wala sijaonyeshwa mlango.

Kidonge, siku moja ndiyo, siku moja siyo.
Kimezwe na maji ya ndimu,
kisikutane na maziwa, wala chai.
Na kahawa (hapa aliinua kidole)
ikae mbali na kidonge, ikae mbali na chakula.

Maini nitakula, ingawa harufu yake inanikimbiza jikoni.
Adesi nitakula. Mchicha upo, naupanda mwenyewe
pale maji ya falaji yanapopinda.
Lakini kahawa!
Mji huu hujamkaribisha mtu mpaka umemmiminia.
Kuikataa ni kama kuitikia salamu kwa mgongo.

Jumatano, tulipotoka soko la wanawake,
tukaingia kwa Bi Shinuna. Wali umeliwa,
tende zimezunguka, dele likanifikia.
Nikakitikisa kifinjani kikiwa kitupu.

Dele likasimama hewani.
Nilimwona Bi Rayya ananitazama tumboni, anahesabu miaka yangu.
Nilimwona mwengine anakumbuka deni la zamani.
Bi Shinuna akauliza polepole:
"Tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Damu yangu ndiyo inakula kwanza.
Kahawa ingoje mlangoni, saa moja."

Kimya. Kisha zipu ya mkoba.
Bi Rayya akatoa vyake, vidonge vile vile vyekundu,
havijaguswa hata kimoja: "Vinanifunga tumbo."
"Kunywa maji, kula papai," nikamwambia, daktari wa wiki tatu.
Mmoja akaapa tende peke yake zinatosha,
mamake hakuwahi kumeza kitu akazaa tisa.
"Na akazimia mara ngapi?" akauliza Bi Shinuna.
Binti mkwe wake, pembeni, hajasema neno tangu tuingie,
akasema moja tu:
"Barafu."
Akainamisha macho.
Nikasogea nikakaa karibu naye.

Sitawadanganya kwamba ni rahisi.
Choo cheusi kama lami mpya ya njia ya Sur.
Kinywani, mchana kutwa, ladha ya ufunguo.
Kuna siku nilisahau, kuna siku nilijisahaulisha,
na harusi moja ya Mudhaibi ambako nilikunywa finjani tano
na sikutubu.

Nilirudi kupimwa mwezi wa tatu.
Kumi na mbili kasoro.
Daktari akasema tuendelee, ghala halijazwi kwa siku moja.

Jana Hilali alifungua friji kutafuta kingfishi,
akaikuta imezikwa, barafu imeipanda mpaka mkiani,
vibakuli vyote vimejaa, vimeshikana.
Akaita kutoka jikoni,
"Zuwena, barafu yote hii ya nani?"

Nilikuwa ghorofani, na kapu.
Sikukumbuka kama nilihesabu.