Mwanzi Utembeao

Muuzaji aliuliza swali moja tu:
"Mama, unataka mwanzi ukaao, au mwanzi utembeao?"
Ukaao ulikuwa ghali, mpole, wa taratibu,
miaka sita ndipo umfike mtu kidevuni.
Shangazi Sjoukje hakuwa na miaka sita ya kuchezea.
Akafungua pochi. "Nipe utembeao."

Nikachimba mimi, mpwa wake, Jumamosi mbili za Aprili,
mtaro wa kufika juu ya goti.
Udongo wa Leeuwarden mweusi, mzito,
unanyonya buti kama mtoto anyonyavyo kidole,
na maji hutokea kabla hujatoa jasho.
Nikasimamisha plastiki nene pembeni mwa mtaro,
ukingo wake ukabaki vidole vinne juu ya ardhi,
ili mzizi ukitaka kuruka
tuuone unavyoruka.

Sababu sikuuliza. Niliijua.
Tjeerd, jirani, alikuwa ametoboa paa lake
akaweka dirisha pana kama meza ya kulia,
na dirisha likakodoa, jicho lisilo kope,
juu ya kiti cha turubai
alichoketi shangazi kuota jua, kifua wazi,
tangu hospitali imrudishe na titi moja.

Mji huu watu hawavuti pazia.
Ukipita jioni unaona supu yao, ugomvi wao, paka wao.
Mwenye kuvuta pazia ana neno.
Na mficha uchi hazai, wanasema wasemao.
Yeye alikwisha kuzaa, akalea, akazika.
Deni hilo alikwisha lilipa.

Mwaka wa kwanza tulicheka:
vijiti kumi na vinne,
hata shomoro hawakuvitaka.
Mwaka wa pili, vijiti ishirini na kiburi kidogo.
Mwaka wa tatu, mwezi Mei, usiku,
nilisikia kitu kikichanika bustanini,
nikatoka na tochi:
machipukizi yanavua maganda,
yanapanda kama yameitwa kwa jina.

Kufikia Agosti ukuta ulikuwa umesimama,
wa kijani, wenye kunong'ona.
Upepo wa kaskazini ulipiga, ukainama, ukanyooka.
Shangazi akavua blauzi.
Kovu likaliona jua.

Ndipo Tjeerd akabisha hodi,
mkononi gazeti, ndani ya gazeti
machipukizi matatu manene kama pembe za ndama.
"Yametokea katikati ya liki zangu."
Nani alipaswa kukagua ukingo kila vuli?
Mimi.
Vuli hiyo nilikuwa Groningen, nimependa.

Tulijiandaa kwa matusi.
Mzee akatazama viatu vyake.
"Liki si kitu. Ila mnara wangu umepotea."

Dirisha lile alilitobolea Oldehove,
mnara ulioinama tangu haujakamilika.
Kila asubuhi hunyoosha mkono, hufumba jicho,
huusimamisha penseli karibu nao
apime kama umezidi kulala.
Marehemu mkewe, Jikke, alishikilia kwamba umezidi.
Yeye alishikilia kwamba la.
Ubishi wa miaka thelathini
haumaliziki kwa sababu mmoja amekufa.

"Na chini," shangazi akauliza, "chini unaona nini?"
"Chini? Rangi tu. Macho yangu ni ya mbali,
hata uji wangu siuoni."

Shangazi hakujibu.
Machipukizi akayachemsha mara mbili,
maji machungu akayamwaga,
tukala na haradali, watatu, bila maneno mengi.
Asubuhi akaazima ngazi na msumeno,
akakata vilele vya mianzi minne,
pengo la upana wa mnara, basi, si zaidi.

Juzi nilifika bila kupiga simu.
Kiti cha turubai kimegeuzwa,
kimeupa mgongo ukuta wa mianzi,
na yeye kifua wazi, jicho moja amelifumba,
mkono umenyooka mbele yake,
penseli juu.

"Usiniguse," akasema. "Nadhani Jikke alikuwa na haki."