Ukuta wa Kaskazini

Wamenipa kurasa mbili.
Mwenyekiti wa jubilei kasema: mbili tu, Mwalimu,
na picha ya askofu ichukue nusu.
Haya. Historia ya mtaa wetu wa Chihuluka,
kwa miguu saa mbili toka barabara ya Masasi,
miaka tisini na minne
katika ukurasa mmoja na nusu.

Nikaazima futi kamba kwa fundi Lipukila,
nikaingia kanisani Jumanne, hakuna mtu,
mbuzi wawili tu kwenye kibaraza.

Kibaraza hicho alikichora padri wa kwanza
kwa kukumbuka kanisa la kijijini kwao, Uingereza:
mahali, aliandika, pa kukung'utia makoti yenye theluji.
Paa nalo akalisimamisha kama viganja vya mwenye kusali
ili theluji iteleze.
Haijafika bado.
Tunaingoja kwa adabu,
mbuzi wanatushikia nafasi.

Ukuta wa kusini: mita kumi na nane na robo.
Wa kaskazini: kumi na saba na nusu.
Nikarudia. Nikailaumu kamba. Nikarudia tena.

Jioni nikaenda kwa Bibi Lukresia Nampota,
haoni tena, lakini korosho ikidondoka kwa jirani anaisikia.
Akacheka mpaka akashika mbavu.
"Hukujua? Kusini alipima baba yangu, Kanuti,
mrefu yule, mkono kama mchi.
Kaskazini alipima Chilumba, kibete wa watu.
Hawakuwa wakisemeshana,
habari ya mbwa, au ya shamba, nimesahau,
kila mmoja akaanzia kona yake
mikono arobaini, kama walivyoagizwa.
Padri yuko Masasi, kalazwa na homa.
Anarudi, ukuta umeshamfika kidevuni.
Angesema nini?"

Kumbe.
Kumbe ndiyo maana yale mabati ya Nachingwea,
yaliyouzwa bei ya kutupa karanga za wakoloni ziliposhindwa,
hayakukutana kwenye pembe.
Na mabati ya juzi, ya rangi ya damu ya mzee,
ya mwaka ule korosho ilipolipa,
nayo yakafika pale pale yakagoma.
Na chini yake, tangu sijazaliwa, kuna chombo:
kwanza chungu cha mama yake Lukresia,
kisha debe la mafuta ya taa,
kisha karai la zege lililosahauliwa na mafundi,
ambalo mvua ikipiga wakati wa mahubiri
hujibu kabla ya waumini.

Daftari la ubatizo limeliwa na mchwa upande wa kushoto,
majina yamebaki, tarehe zimekwenda.
Namba mia mbili na kumi na moja.
Mwandiko wa katekista, umelala kwa haraka:
*Usiku. Mtoto hapumui vizuri. Mto umefunga njia ya kisimani.
Nimetumia maji ya karai.*
Halafu jina.
Silvano, wa Filemoni Mchopa.

Nilisoma nimesimama.
Nikakaa.
Mama hakuwahi kunieleza,
ila kila masika alinituma nikalimwage lile karai,
na alitaka niende mimi, si ndugu zangu.

Mlangoni pana jiwe: jina la padri, mwaka, msalaba.
Kanuti hayupo. Chilumba hayupo.
Wanawake waliobeba mawe toka korongoni
wapo kwa njia hii tu: kizingiti kimeliwa katikati
kwa nyayo, kama sabuni.

Ukurasa mmoja na nusu nimeumaliza.
Askofu nimempunguza kidogo, anisamehe,
nimpate Chilumba mstari mmoja na Kanuti mstari mmoja,
mbalimbali, kila mtu na aya yake.

Leo asubuhi nimerudisha futi kamba.
Fundi ana bajeti ya kamati mfukoni,
anataka kunyoosha kila kitu kabla wageni hawajafika.
Kaniuliza: Mwalimu, zile kuta ziko sawa?
Nikamwambia, ziache kwanza.
Bado hazisemeshani.